Dume wa Mang Eladio

Saini ilikuwa yake.

Hapo ndipo tulipomwacha Aling Minyang Ijumaa iliyopita, msomaji wangu: amesimama mbele ya hakimu, karatasi mkononi. Ile M kubwa yenye mkia mrefu kama wa panya haiandiki mtu mwingine hapa kwetu Santa Eulalia. Na juu ya ile M, kwa mwandiko wa Mang Eladio Bugayong, mstari mmoja tu: "Nimemkagua dume, nimeridhika, namchukua kama alivyo."

Kama hukuwa nasi, shika haya upesi. Kwetu hapa Aling ni kama Bi, na Mang ni kama Mzee. Aling Minyang ni mwenyekiti wa kikundi cha wanawake sita, yeye akiwamo, wanaokamua nyati wa kufugwa na kutengeneza jibini nyeupe na pipi za maziwa. Nyati asiyezaa hana maziwa. Kwa hiyo wakachanga, wakanunua dume kwa Mang Eladio, mfanyabiashara wa mifugo anayejulikana kuliko diwani. Dume jina lake Jenerali. Mabega kama mlango wa ghala. Miezi minne Jenerali amekula, amenenepa, amejilaza kwenye tope, na katika majike sita hajamgusa hata mmoja. Mang Eladio akagoma kumpokea. Wakafika mahakama ya madai madogo, ambako wakili haruhusiwi kumsemea mtu. Kila mmoja na mdomo wake.

Na sasa hii karatasi.

"Mama, nakuuliza mara ya pili," alisema Hakimu Agbayani, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi. "Saini hii ni yako au si yako?"

"Ni yangu, Mheshimiwa."

Benchi la nyuma, wanawake watano waliguna kwa pamoja. Teresing, dada wa mume wake, alijipiga kofi kwenye paji la uso.

"Wifi! Umetumaliza!"

"Kimya huko," alisema hakimu. "Mama, ulisaini wapi?"

"Juu ya boneti ya pikapu yake. Jenerali alishapakiwa, mvua inaanza. Mang Eladio akaniambia, 'Dada, weka jina hapo, ni ile ya kusafirishia mnyama, polisi wasikusumbue njiani.'"

"Uliisoma?"

"Sikuisoma."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilikuwa nimetoka kula kwake."

Watu walicheka. Minyang hakuwa anatania.

"Kweli, Mheshimiwa. Kanipakulia mara mbili. Mke wake kanifungia na chakula cha kuondoka nacho. Unaanzaje kumkagulia karatasi mtu wa namna hiyo? Ningeonekana sina adabu."

Mang Eladio alivuta mikono ya shati lake jeupe, akatabasamu kwa huzuni, kama mtu anayeonewa na ndugu yake mwenyewe.

"Mheshimiwa, mimi sina ugomvi na dada huyu. Lakini ni mtu mzima, kusoma anajua. Alimzunguka dume mara tatu. Akampapasa mgongo. Akasema, 'Huyu ndiye.' Leo anataka nini kwangu?"

"Kutosoma hakumwondoi mtu kwenye saini yake," alisema hakimu. "Umesaini, mama, karatasi ni yako."

Minyang aligeuza shingo kidogo. Nyuma yake kulikuwa na wanawake waliomwamini. Yeye ndiye aliyenyanyua mkono kikaoni akasema, tumchukue huyu, likiharibika lawama nabeba mimi. Sasa meza ya kuviringishia pipi ilikuwa na vumbi. Duka la mjini limeshatafuta watu wengine wa kulipelekea jibini. Na wawili kati ya wale watano walikuwa wameanza kuulizia wachinjaji bei ya majike wao. Jike akishachinjwa, hakuna kikundi tena.

"Lakini," aliendelea hakimu, na neno hilo likawafanya watano wanyanyue shingo, "najiuliza. Kama alivyo, ndiyo, alivyo vipi? Pembe iliyovunjika angeiona. Jicho bovu angeliona. Hili mnalolalamikia, nani angeliona kwa kumzunguka dume mara tatu?"

Kisha kutoka benchi la upande wa Mang Eladio kikasikika kikohozi. Kikavu, kifupi, mara mbili.

Kikohozi hicho kilikuwa cha mpwa wake, kijana mwenye tai, wakili aliyefaulu mwaka juzi. Mang Eladio alikisikia akasimama wima.

"Mheshimiwa, nilisahau jambo. Dume huyu aliuzwa gulioni. Na sheria yetu inasema, mnyama akiuzwa gulioni au mnadani, muuzaji hadhamini kasoro zilizojificha. Mnunuzi atajijua mwenyewe."

"Hilo umelisoma wapi, bwana Eladio?"

"Nimeli... nimelisikia sikia."

Hakimu alimtazama mpwa juu ya miwani. "Bwana mdogo mwenye kifua. Toka nje ukapate hewa. Usirudi mpaka upone."

Chumba kizima kilicheka mpwa alipokuwa anatoka na tai yake. Minyang pia alicheka. Kicheko kilimkatikia mdomoni.

"Lakini sheria hiyo ipo kweli," alisema hakimu. "Kama mliuziana gulioni, mama, kesi yako imekwisha hapa hapa."

Mang Eladio alishachomoa tiketi. Ushuru wa lango la gulio la mifugo, tarehe ile ile. "Na fedha alinikabidhi pale pale langoni, mbele ya watu. Akatae."

"Mama?"

"Ni kweli," alisema Minyang. "Nilimkabidhi langoni."

"Wewe uko upande gani?" alifoka Teresing kwa sauti ya chini iliyosikika hadi barabarani.

"Sidanganyi, wifi. Niache niseme." Minyang alimgeukia hakimu. "Langoni tulipita tu. Alikuwa anapeleka wanyama wake wengine. Jenerali alishakuwa kwenye pikapu, tulishapatana, tulishapeana mikono."

"Mlipatana wapi?"

"Mezani kwake. Kijiko changu kiko kwenye mchuzi."

"Mezani tulikula tu!" Mang Eladio alikuja juu. "Biashara mbele ya chakula sifanyi. Marehemu mama yangu alinikataza."

Minyang aliingiza mkono kwenye mkoba, akatoa simu yenye kioo kilichopasuka, akaanza kutafuta. Ujumbe wa kanisani. Ujumbe wa kikundi. Picha za jibini. Hakimu alisubiri, akiguguna kalamu yake.

"Huu hapa. Aliniandikia siku moja kabla. Nisome?"

"Soma."

Alisoma, kidole kikifuata maneno juu ya ufa wa kioo. "'Dada Minyang, usihangaike na gulio, kule wanauza mizoga inayotembea. Kesho njoo nyumbani tule, tumalizane. Nimekuwekea Jenerali. Ni dume wa mbegu, si wa jembe. Hao majike wako sita atawatosha na kubaki.'"

"Ilete hapa," alisema hakimu. Alisoma mwenyewe, mara mbili. "Mizoga... inayotembea."

Nyuma kabisa, wanaume wawili wa gulioni waliokuja kumtia moyo Mang Eladio walisimama kwa pamoja.

"Eladio! Kumbe sisi ndio wauza mizoga?"

"Ndugu zangu, ile ilikuwa lugha ya biashara tu..."

"Tutaonana Ijumaa langoni!" Wakavaa kofia zao, wakatoka, mmoja akisukuma mlango kwa kiwiko.

Hakimu aligonga meza. "Gulio nimeliweka pembeni. Mlipatana mezani. Na sikilizeni vizuri, wote wawili. Mnunuzi alisema anamtaka dume kwa kazi gani. Muuzaji alijua, tena kaiandika mwenyewe. Basi hapo dhamana imeshaingia. Haihitaji kutajwa, haihitaji mhuri. Ukimuuza dume kwa ajili ya kuzalisha, awe anazalisha. Dhamana hiyo inakuja na mnyama kama mkia wake."

"Amina!" alisema mmoja wa wale watano.

"Bado, mama, subiri. Mkia unaweza kukatwa. Mkiandikiana 'kama alivyo', na muuzaji naye hakujua kasoro, karatasi inamlinda. Lakini kama alijua akanyamaza, karatasi hii haifai hata kufungia dagaa. Kwa hiyo nimebakiwa na swali moja." Alivua miwani. "Aling Minyang, una ushahidi gani kwamba alijua?"

Hakuwa nao.

Alikuwa na barua ya daktari wa mifugo, lakini daktari alimwona Jenerali mwezi uliopita tu. Alikuwa na picha. Alikuwa na mashahidi watano waliomwona dume akipiga miayo mbele ya jike. Kwamba Mang Eladio alijua, hakuwa na hata herufi moja.

Mang Eladio alikunja nne. Alianza hata kufuta vumbi kwenye kiatu.

Minyang alimtazama. Miaka yote hiyo anamfahamu mtu huyu. Anajua anapenda nini kuliko fedha. Mang Eladio anapenda kuulizwa. Ukimkuta barabarani ukamuuliza habari za kupe, utachelewa msiba.

"Mheshimiwa, naomba nimuulize neno moja. Si la kesi sana."

"Uliza."

"Kaka Eladio," alianza, na sauti yake ilikuwa ya jirani kwenye ua, "tuyaache haya kidogo. Pengine kosa ni langu. Wewe umefuga miaka arobaini, watu wanatoka wilaya ya pili kuja kukuuliza. Jenerali kwangu anakula vizuri, analala vizuri. Lakini jike akimsogelea anageuza shingo anatazama milima. Nimempa molasi. Nimempa majani ya kunde. Kuna mtu kaniambia nimpe tangawizi. Eti tangawizi inafaa?"

"Tangawizi!" Mang Eladio alicheka hadi akashika ubavu. "Nani huyo anakudanganya? Dada, tangawizi ni ya koo, wape waimba kwaya. Mimi huyo nilimpa tangawizi wiki tatu, nikampa mayai mabichi kumi kila asubuhi, nikamwita mkandaji wa ng'ambo ya mto akamkanda kiuno, mwaka mzima nahangaika naye, na wapi! Hata nilipomleta jike wa..."

Akajiziba mdomo kwa kiganja.

Dirishani, kutoka nje, ilisikika sauti ya mtu mwenye kifua: "Mjomba, funga mdomo!"

Kalamu ya hakimu ilikuwa imeshaanza safari. "Mwaka... mzima... nahangaika... naye," alisema polepole, akiandika. "Na baada ya hangaiko, bwana Eladio? Nimalizie sentensi?"

Mang Eladio alitazama kofia yake magotini. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo alionekana mzee.

Uamuzi haukuchukua hata robo saa.

"Mkataba huu umevunjwa. Kila mmoja arudishe alichopokea. Bwana Eladio, utarudisha bei yote. Aling Minyang, utamrudisha dume. Yule yule, akiwa mzima, langoni kwa bwana Eladio, kesho kabla ya saa sita mchana, mbele ya karani wa mahakama. Saa sita ikipiga dume hajafika, fedha hazitoki. Tumeelewana?"

"Tumeelewana!" waliitikia wanawake watano ambao hakuna aliyewauliza.

Walitoka nje wakicheka kama wanafunzi waliofunga shule. Kibandani mkabala na mahakama waliagiza sahani kubwa ya tambi za kukaanga na kalamansi, zile ndimu ndogo, za kukamulia.

"Mwenyekiti wetu kamkamua mzee kama jike!"

"Wifi," alisema Teresing, mdomo umejaa, "nilisema umetumaliza. Nafuta neno."

"Neno liache. Lipa tambi."

Wale wawili waliokuwa wanaulizia wachinjaji walitazama sahani zao. Kisha mmoja akasema, bila kunyanyua macho, kwamba yule jike wake hamuuzi tena, amebadili mawazo. Minyang alimwongezea tambi. Moyoni alikuwa ameshapanga: fedha zikirudi, atatafutwa dume mwingine, na safari hii atakuja na barua ya daktari shingoni.

Jioni, jua bado halijazama, alimkuta mume wake Rufino mtoni, maji ya magoti, anamsugua Jenerali mgongo kwa dodoki. Dume alikuwa amefumba macho.

"Tumeshinda!" alipiga kelele Minyang kutoka ukingoni.

"Mmeshinda nini?"

"Kesi! Anarudi kwao kesho."

Rufino hakuacha kusugua. "Kosa lake nini?"

"Rufino. Ni dume. Hapandi."

"Mimi na wewe tulikaa miaka mitatu ndipo tukapata mtoto wa kwanza. Mbona hukunipeleka mahakamani?"

"Wewe sikukununua."

"Ndiyo, nilikuja bure. Ndiyo maana ukanivumilia."

Minyang alitaka kucheka lakini aliona mkono wa mume wake ukipita kwenye sikio la mnyama, polepole, kama anamfuta mtoto machozi. Aliingia majini na sketi yake.

"Ni mali ya kikundi, baba. Si yetu."

"Najua."

"Hakimu kasema arudi."

"Nimesikia, Minyang. Wewe jioni una vikao. Jumanne kikao, Alhamisi kikao. Nani hukaa na mimi hapa? Huyu. Namwambia habari za mgongo wangu, ananisikiliza. Hata siku moja hajaniambia nimeshasema." Akasafisha dodoki. "Basi. Nitampeleka mwenyewe. Wewe kesho tangulia na wenzako. Mimi nitamtembeza taratibu, jua halijawa kali."

Alikubali upesi mno. Minyang alilihisi hilo, akaliacha lipite. Siku ilikuwa nzuri, hakutaka kuichafua.

Kesho yake, saa tano asubuhi, lango la Mang Eladio lilikuwa kama la harusi. Wanawake sita walivaa fulana za kikundi. Karani wa mahakama, Bwana Isagani, alikuwa na fomu kwenye ubao na kalamu sikioni. Mpwa mwenye tai alisimama kando na simu, anapiga picha za barabara tupu. Mang Eladio mwenyewe aliketi barazani na kikombe cha kahawa, amewapa watu mgongo.

Saa tano na nusu. Hakuna Rufino.

"Atakuja?" aliuliza Teresing.

"Ni kaka yako. Wewe unamjua kuliko mimi."

"Ndiyo maana nauliza."

Saa sita kasorobo. Minyang alipiga simu, ikaita hadi ikakata. Mpwa alimwonyesha mjomba wake saa ya mkononi, na mgongo wa Mang Eladio ukanyooka kidogo.

Zikiwa zimebaki dakika kumi, Teresing alipiga kigelegele. Kwenye kona, kofia ya Rufino! Na nyuma yake, mwisho wa kamba, dume mweusi, mkubwa, ameoshwa hadi anang'aa, shada la maua meupe ya sampagita shingoni. Wanawake walimkimbilia, wakamzunguka, wakaimba jina lake. Jenerali! Jenerali!

"Bwana Eladio, njoo umtambue," aliita karani.

"Mwingizeni tu! Sura yake sitaki hata kuiona."

"Haya. Mama, wewe ndiye unayerudisha. Tia saini hapa, kwamba huyu ndiye dume uliyemnunua, na kwamba yuko mzima. Nipige mhuri tuondoke, jua hili."

Minyang alishika kalamu. Ncha ilishagusa karatasi.

Hapana. Mara hii ataangalia kwanza.

Alimwendea mnyama, akamwita jina. Dume hakugeuka. Alikuwa ameinua pua juu, amekunja mdomo wa juu, anavuta harufu kutoka zizi la majike wa Mang Eladio kwa bidii ya mtu aliyesikia nyama inachomwa. Alivuta kamba. Aliguruma. Rufino alijikita visigino ardhini kumzuia.

Minyang alirudi nyuma hatua moja. Miezi minne hajawahi kumwona Jenerali akivuta kamba kuelekea kwa jike yeyote duniani.

"Rufino," alinong'ona. "Huyu ni nani?"

Rufino alitazama vidole vyake vya miguu. "Saini tu, mama."

"Huyu ni nani?"

"Wa binamu yangu Ponso. Dume mzuri. Anapanda. Nimebadilishana na mpunga wetu wa msimu ujao. Eladio anapata bora kuliko alichouza, shida iko wapi?"

Nyuma yao wanawake walikuwa bado wanaimba. Hakuna aliyejua. Mang Eladio amegeuza mgongo. Karani anajipepea na fomu. Dakika saba tu zimebaki, na saini moja yenye mkia wa panya ingemaliza kila kitu: fedha zingerudi, kikundi kingesimama, mume wake angebaki na rafiki yake. Na Mang Eladio angepata dume kamili. Nani angelia?

Alimtazama mume wake, akamwona amekonda ghafla ndani ya shati lake la Jumapili. Aliona huruma. Pia aliona hasira. Jana alisimama mbele ya hakimu kusema mtu asipewe kitu akiambiwa ni kingine. Leo anaambiwa afanye vile vile, tena kwa mkono wake.

Alirudi kwa karani, akamrudishia kalamu.

"Siyo yeye," alisema kwa sauti. "Huyu siye Jenerali."

Wimbo ulikatika.

"Mwenyekiti!"

"Wifi, una wazimu?"

Mang Eladio aligeuka kwa kasi hadi kahawa ikammwagikia. "Ahaa!" Aliruka ngazi kama kijana. "Ahaa! Karani, umesikia? Mpwa wangu, umerekodi? Wanaleta dume wa bandia!"

"Nimesikia, bwana, siko mbali," alisema karani. "Mama, dume wa mahakama yuko wapi? Zimebaki dakika tano."

Wote walimgeukia Rufino. Alivua kofia. Dume wa Ponso aliguruma tena, akamburuta hatua mbili, akarudi mahali pake.

"Yuko kwa Teresing," alisema.

"Kwangu?" Teresing alijishika kifua. "Kwangu wapi? Zizi langu lina jike wangu tu!"

"Ndiyo. Yumo na jike wako." Rufino alimeza mate. "Minyang, nilitaka kumrudisha. Haki ya Mungu nilitaka. Jana natoka naye mtoni, tunapita kwa Teresing, akasimama. Akatazama. Nikamwambia twende, hakusikia. Akavunja ua. Nikasema anataka majani. Hakutaka majani."

Wanawake walisogea karibu.

"Mara mbili jana, Teresing hajarudi bado, na ua nikauziba. Na asubuhi hii tena, nyie mmeshatangulia huku, nilipompitisha pale." Macho ya Rufino yalikuwa yamejaa machozi, na chini ya machozi kulikuwa na fahari kama ya baba wa bwana harusi. "Minyang, Jenerali kaanza kazi. Ningemrudishaje?"

Minyang aligeuka akaitazama barabara.

Mang Eladio ndiye aliyesema wa kwanza. Alifuta kahawa kwenye shati lake jeupe, taratibu, na tabasamu la jana, la kabla ya swali la tangawizi, likamrudia usoni lote.

"Bwana karani," alisema kwa upole, "hayo aliyosema mume wa mdai, yaandike kama alivyoyasema. Neno kwa neno: dume kaanza kazi."

Na kengele ya kanisa ikaanza kupiga saa sita.